Siku ya Jua Baada ya Dhoruba

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama likizo ya ufukweni iliyoangukia siku za baridi na dhoruba ihesabiwe kuwa imepotea. Jibu langu ni hapana, ila nina sharti moja: mtu asiifidie mvua kwa pupa siku jua linaporudi.

Mwaka jana familia yangu ilikuwa na siku 7 za kukaa ufukweni, na 4 kati ya hizo tulizimalizia barazani tumejikunyata ndani ya mashuka, taulo zimetundikwa tangu juzi na bado hazijakauka. Sikuchoka kama nilivyodhani. Bahari iliyochafuka haichoshi macho, na watoto walijipatia mchezo wa kuhesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, kisha kugawa kwa 3 ili wapate umbali kwa kilomita. Jioni moja hesabu ilishuka kutoka 15 hadi 6, na aliyekuwa aking'ang'ania kufuata ndoo yake mchangani akaghairi bila kukatazwa. Tulingoja nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, kama inavyoshauriwa, ndipo tukatoka.

Siku ya 5 kulikucha kweupe, na hapo ndipo nilipokosea. Upepo ulikuwa umekufa, lakini mawimbi makubwa yaliendelea kuja, kwa kuwa mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba huweza kusafiri mamia ya kilomita hata baada ya upepo wenyewe kutulia. Katikati ya povu niliona ukanda wa maji yaliyotulia, yenye rangi ya mchanga, mfano wa njia iliyofagiwa, nikawaambia watoto tuingilie pale. Mlinzi wa waogeleaji alipiga filimbi kabla maji hayajanifika magotini. Alinieleza kwamba maji yanayosukumwa ufukweni na mawimbi lazima yapate pa kurudia, na mara nyingi hurudi kupitia mfereji uliochimbika mchangani. Kwa kuwa hapo pana kina, mawimbi hayavunjiki sana, na mgeni hudhani ndipo penye usalama. Mkondo wa namna hiyo ukiwa na nguvu hufikia mita 2 kwa sekunde, kasi ambayo hata bingwa wa kuogelea hawezi kushindana nayo kwa muda. Aliyenaswa asipigane nao kurudi nchi kavu, bali aelee, ainue mkono kuomba msaada, au aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke ndani yake.

Kilichonishangaza zaidi, chini ya jua lile kali, ni ubaridi wa maji. Upepo wa siku 4 ulikuwa umeikoroga bahari, na maji ya juu yaliyokwisha kupata joto yakachanganyika na yale ya chini. Basi siku zilizobaki tuliogelea mbele ya kiti cha mlinzi, kwa vipindi vifupi, na kitinda mimba wetu kila alipotoka alikuwa akitetemeka midomo huku akiapa kwamba hasikii baridi hata kidogo.