Vidonge Nilivyovidharau

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tororo aliniandikia. Baba yake alipata mshtuko wa moyo mwezi uliopita, sasa anajisikia vizuri na ameacha vidonge. Eti dawa ni za mgonjwa. Dada yangu, nilicheka kwa uchungu, maana maneno hayo niliyasema mimi.

Ilikuwa jioni ya siku ya soko, hapa Busia. Nikifunga mitumba, kifua kikabana kama nimelaliwa na robota, mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likanitoka. Mke wangu akasema twende hospitali. Mimi mjuaji nikasema ni vidonda vya tumbo. Kliniki moja ya jirani ikanikubalia: sindano, nenda ukalale. Hata aspirini ya kutafuna sikupewa. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Kampala nilifika kesho yake jioni. Kumbe ulikuwa mshtuko wa moyo: damu imeganda na kuziba mshipa wa moyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi saa za mwanzo. Zikipita 12, huwa umechelewa. Zangu zilikuwa zimepita. Sehemu ya msuli wa moyo ilishakufa, na kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha kila pigo linasukuma asilimia 35 tu ya damu iliyojaa chumba kikuu cha moyo, wakati moyo wenye afya husukuma 55 au zaidi.

Daktari akanianzishia kaptoprili papo hapo, robo ya kidonge. Alinieleza kuwa sehemu iliyobaki hubeba kazi yote, na moyo ukiachwa hivyo hutanuka na kulegea kama mpira wa suruali kuukuu. Dawa hulegeza mishipa, mzigo ukapungua. Binti yangu alinisomea utafiti wa SAVE wa mwaka 1992: wagonjwa 2,231 wenye moyo dhaifu kama wangu, na waliopewa kaptoprili vifo vilipungua kwa asilimia 19.

Nikameza miezi miwili, kikaja kikohozi kikavu cha usiku. Nikaacha kimyakimya. Wiki chache baadaye miguu ikavimba, nikawa nalala nimekaa. Kumbe kikohozi kile ni cha dawa yenyewe, na ningesema tu, ningebadilishiwa. Sasa natumia losatani, dawa ya kazi kama hiyo ambayo kwa kawaida haileti kikohozi hicho. Eko ya mwisho ilisoma asilimia 46, na robota nafunga mwenyewe!

Wanaume wenzangu, acheni ujuaji. Maumivu ya kifua yakizidi dakika chache, usisubiri kuche. Na wewe dada, mrudishe mzee kwa daktari wiki hii, na pakiti zake zote mkononi. Muulize kwanza kama anakohoa.