Kipimo Hufanyika Mara Moja: Kwa Wanaoanza Utafiti wa Kiharusi na Moyo Bukavu

Ninyi mnaoingia sasa katika utafiti wa kiharusi na magonjwa ya moyo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wengi wenu mmetoka chuoni mkizijua takwimu kuliko tulivyozijua sisi tulipoanza. Kwa hiyo sitawafundisha hesabu. Nataka kuwaeleza kazi inayotangulia hesabu, ile inayofanyika sebuleni kwa mtu huko Kadutu au Bagira, sehemu za mji wetu, kwa sababu miaka yangu katika kazi hii imenionyesha kwamba kosa lililoingia daftarini siku ya kwanza hakuna kompyuta inayoweza kulitoa.

Tuanze na shinikizo la damu, kwa kuwa hilo ndilo linaloleta kiharusi kuliko sababu nyingine yoyote tunayoweza kuizuia. Nyumba za Kadutu zimepanda mlima moja juu ya nyingine, na milango mingi haifikiwi bila kupanda ngazi za udongo. Siku moja nilimkuta mama akiingia kwake na bidoni ya maji ya lita 20 mgongoni. Alitua mzigo, akaketi, akanyoosha mkono papo hapo ili asinicheleweshe. Mashine ikasoma 162 kwa 94. Kama ningeridhika na namba hiyo, angeingia katika kundi la wagonjwa na kubaki humo hadi mwisho wa utafiti. Nilimwomba apumzike dakika tano bila kuzungumza, mgongo ukiegemea kiti, miguu yote miwili ikiwa sakafuni bila kupishana, mkono ukilala mezani usawa wa moyo. Kipimo cha pili kilitoa 142 kwa 88, na cha tatu 134 kwa 84. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani tunaoufuata unadai vipimo vitatu, kisha wastani wa viwili vya mwisho. Wastani wake ulikuwa 138 kwa 86, chini ya mpaka wa 140 kwa 90. Mtu huyo huyo, kiti hicho hicho, na tofauti yote ililetwa na subira.

Mengine mtayazoea haraka: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, kibofu kilichojaa huipandisha vilevile, na kahawa au sigara ya nusu saa iliyopita hairuhusiwi. Msiogope kumwuliza mzee kama anahitaji kwenda chooni kwanza. Ulizeni kwa heshima, naye ataelewa.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa macho, na mimi nililifanya. Katika utafiti wangu wa kwanza tulitumia mashine za zebaki, ambazo mistari yake huenda kwa mbili mbili. Basi kila kipimo kilipaswa kuishia na 0, 2, 4, 6 au 8, na kila moja ya tarakimu hizo ionekane karibu mara moja katika kila vipimo vitano. Baada ya miezi michache msimamizi wetu alifungua madaftari, akahesabu tarakimu za mwisho peke yake. Katika daftari langu sifuri ilikuwa zaidi ya nusu. Sikuwa nimekusudia kudanganya. Nilikuwa nimechoka, zebaki ikasimama kwenye 138, na jicho likaandika 140. Lakini 140 ndipo mpaka ulipo, na kwa kila sifuri ya namna hiyo nilikuwa nimempa mtu ugonjwa asiokuwa nao, au nimeuficha ukubwa wa ugonjwa alionao. Daftari zima liliwekwa kando. Watu walionifungulia mlango wakaacha kazi zao kwa ajili yangu walikuwa wamefanya hivyo bure, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mtu anaweza kusema milimita mbili za zebaki ni kitu kidogo. Mwaka 2002 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 61 na watu wazima wapatao milioni moja. Ulionyesha kwamba kati ya umri wa miaka 40 na 69, kila namba ya juu, yaani ile inayotajwa kwanza, inapoongezeka kwa milimita 20, hatari ya kufa kwa kiharusi huongezeka zaidi ya mara mbili, na kupanda huko huanzia chini kabisa, kwenye 115. Hatari haingoji ifike 140 ndipo ianze. Hupanda taratibu kama mlima wenyewe wa Kadutu, na anayeandika kwa makadirio anaufuta mteremko huo, akabakiza kundi la wazima na kundi la wagonjwa tu. Maarifa haya yote yalitokana na watu waliopimwa tena na tena kwa uangalifu. Mji wa Framingham, Marekani, ulianza kazi hiyo mwaka 1948 na watu 5,209, ukiwapima upya kila baada ya miaka miwili, katika nyakati ambazo madaktari wengi bado waliamini kwamba damu kupanda uzeeni ni jambo la kawaida lisilohitaji tiba.

Baada ya mashine huja swali, na hapa ndipo wageni wengi huteleza. Karatasi za maswali tunazopokea mara nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili cha Tanzania au Kenya. Ni Kiswahili kizuri, lakini mzee wa Bagira ukimwuliza kama aliwahi kuambiwa ana shinikizo la juu la damu, atakujibu hapana kwa moyo mweupe, huku vidonge viko mfukoni mwake. Dar es Salaam wangesema presha; hapa ni tansiyo. Mzee mmoja aliniambia: «Miye siko na tansiyo, kichwa njo inaniluma tu», nami nikajifunza kwamba hata neno likiwa sahihi, mtu huuita ugonjwa kwa jina la maumivu anayoyasikia, na damu iliyopanda mara nyingi haina maumivu yoyote. Neno mganga nalo lina mtego: kwingine linaweza kueleweka kuwa ni mtu wa mitishamba, lakini kwetu munganga ni daktari au muuguzi. Kiharusi vilevile. Wengi watakifahamu ukisema AVC, kifupi chake cha Kifaransa, lakini aliye salama zaidi ni yule anayeuliza dalili: Je, uliwahi kuamka au kuwa katika kazi, ghafla mkono na mguu wa upande mmoja vikalegea? Mdomo ulienda upande? Maneno yalikataa kutoka? Hali hiyo ilidumu siku nzima au ilipita? Swali la mwisho lisiachwe, kwa sababu maelezo ya kiharusi yanayotumika katika tafiti za jamii hudai dalili zidumu saa 24 au zaidi, au zilete kifo.

Wale mtakaofanya kazi hospitalini, mkilinganisha waliopatwa na kiharusi na wasiopatwa, kumbukeni nani hafiki hospitalini. Anayeanguka kijijini usiku, ambaye lazima abebwe kwa machela hadi kwenye barabara ya gari, mara nyingi hufia njiani, na hao ndio wenye viharusi vizito. Mkikaa wodini tu mtajifunza kuhusu walionusurika. Tena wodini bila skaneri hamwezi kujua kwa uhakika kama mshipa umeziba au umepasuka. Mgonjwa anaweza kulala mbele yenu na dalili zile zile kwa sababu mbili tofauti. Pasipo picha, andikeni «aina haijulikani», wala msikubali mtu awalazimishe kujaza nafasi hiyo kwa kubahatisha.

Kuna na wale waliokwisha kuzikwa, na hapo ndipo moyo hujaribiwa. Mtu mzima anaanguka ghafla baada ya kula, anapooza, anafariki kabla ya asubuhi. Katika familia nyingi za huku neno la kwanza litakuwa karuho, yaani amelishwa sumu. Wakati mwingine jirani amekwisha kutajwa. Msibishane na wafiwa, wala msicheke, wala msiende kutangaza mtaani kwamba ilikuwa kiharusi. Kazi yenu katika mahojiano ya kifo ni kukusanya mfuatano wa mambo: alikuwa akifanya nini, upande gani ulilegea, alitapika, alilalamikia kichwa, alikuwa akitumia dawa gani na aliiacha lini. Nimeketi katika matanga ambapo dada wa marehemu, baada ya maswali hayo, alitafakari kisha akasema mwenyewe kwamba vidonge vya tansiyo vilikuwa vimekwisha tangu wiki nyingi. Sikuongeza neno. Niliandika tarehe.

Chumvi inataka akili ya jikoni. Kipimo cha kuaminika zaidi ni mkojo wa saa 24, ambao ni mgumu kuukusanya mitaani, na kwa hiyo mara nyingi tunategemea maelezo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni karibu kijiko kimoja cha chai. Lakini mama anayepikia watu tisa kwa sufuria moja hawezi kukuambia kijiko chake kimoja kinamfikia nani. Ulizeni mfuko wa chumvi unanunuliwa mara ngapi na unadumu siku ngapi, kisha muulize makayabu (samaki wa chumvi), sambaza, yaani dagaa wa ziwa letu, zilizokaushwa kwa chumvi, na vipande vya Maggi vinavyotiwa katika sombe (kisamvu). Mboga nazo zina thamani ya kuulizwa vizuri: utafiti uliofanywa Nigeria na Ghana, uliochapishwa mwaka 2018 kwa jozi 2,118 za wagonjwa na wazima, ulikuta kwamba kula mboga za majani kwa nadra na kuongeza chumvi mezani vyote vilihusiana na kiharusi. Basi lenga-lenga, yaani mchicha, isipite kama swali la kujaza karatasi.

Umri pia uchimbeni, kwani hakuna kinachoongeza hatari kama miaka, na vitambulisho vya wazee wengi vina mwaka uliokisiwa. Muulize bibi kama alikuwa amekwisha kuolewa wakati Schramme na mamluki wake walipoushika mji mwaka 1967, au mtoto wake wa kwanza alikuwa na kimo gani Uhuru ulipofika mwaka 1960.

La mwisho ndilo ninalolishika kuliko yote. Mtakuta mtu mwenye 200 kwa 120 anayetabasamu na kuwapa kiti. Karatasi ya utafiti inawataka mwandike na kwenda mlango unaofuata. Msiende. Mwambieni kwa maneno anayoyafahamu, mbele ya mtu wa nyumbani mwake kama amekubali, mwandikieni barua ya kituo cha afya cha eneo lake, na ikiwa maono yanamvuruga, kichwa kinampasuka au upande mmoja umelegea, msindikizeni siku hiyo hiyo. Tangu vita vilipoufikia mji Februari 2025, watu wengi wamehama mitaa yao, na namba ya simu ya leo inaweza kukatika kesho. Kwa hiyo chukueni simu ya mtu wa pili, na jina la kanisa au la soko anakouzia. Katika daftari langu kuna safu niliyojichorea mwenyewe kwa kalamu, pembeni ya vipimo, ambayo haimo katika fomu: tarehe nitakayorudi. Kwa yule aliyekuwa na 200 niliandika siku saba. Nilipofika, karatasi ya kituo cha afya ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda chake, na vidonge vilikuwa vimebaki vinne.