Kabla ya Kuulaumu Mguu, Pima Macho

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi ya fiziotherapia, macho ya mgonjwa hayakuwa shughuli yangu. Niliyahesabu kuwa ya daktari wa macho, nami nikabaki na misuli, viungo na mizani ya mwili. Aliyenitoa katika mazoea hayo ni mzee mmoja aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepata nguvu za kutosha, lakini kila alipopita mlangoni bega lake la kushoto liligonga fremu. Nilimfanyisha mazoezi ya mizani kwa wiki tatu, nikaandika kwenye faili kwamba hana umakini. Ndipo mwenzangu wa tiba kwa vitendo, anayewafundisha wagonjwa upya shughuli za kila siku, aliponiita nimsikilize mzee huyo akisoma gazeti kwa sauti. Alikuwa akianza kila mstari katikati, kisha akalalamika kwamba waandishi wa siku hizi hawaeleweki.

Mwenzangu alichukua utepe mwekundu, akaubandika kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, akamwambia asianze mstari wowote kabla jicho halijaufikia utepe ule. Aya iliyofuata ilisomeka. Wiki tatu zangu zilikuwa zimepotea kwenye mguu usiokuwa na kosa.

Tangu hapo, kila mgonjwa mpya wa kiharusi au wa jeraha la ubongo namuuliza swali la kwanza ambalo naona haya hata kulitaja: miwani yako iko wapi? Wengi hulazwa kwa dharura na miwani ikabaki nyumbani. Mtu wa miaka 60 asiye na miwani yake ya kusomea hawezi kufanya vizuri kipimo cha kumbukumbu chenye maandishi madogo, nasi tukimpa alama za chini tutakuwa tumepima umri wa macho yake. Mwenye miwani ya lenzi za sehemu mbili naye aangaliwe kwenye ngazi, kwa sababu akitazama chini hupitia sehemu ya kusomea, na ukingo wa kidato humjia ukiwa na ukungu.

Baada ya hapo napima uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo mtu huliona bila kusogeza macho. Nakaa mbele ya mgonjwa umbali wa takriban mita moja, anafunika jicho moja nami nafumba langu linalokabiliana na hilo, ananitazama puani, halafu naonyesha vidole katika robo nne, juu na chini, kulia na kushoto, naye anavihesabu. Kipimo hiki hakigundui upungufu mdogo, lakini nusu nzima ikipotea kwa kawaida utaiona. Malizia kwa kuonyesha vidole pande zote mbili kwa pamoja. Mgonjwa anayeona kila upande ukionyeshwa peke yake, lakini akaukosa wa kushoto zinapoonyeshwa pande mbili, tatizo lake linaelekea zaidi kwenye uangalifu wa ubongo.

Hapa ndipo tunapochanganya mambo mara nyingi. Aliyepoteza nusu ya uwanja wa kuona na anayepuuza upande mmoja, wote wawili hugonga milango, na wapo wenye matatizo yote mawili kwa pamoja. Ila wa kwanza, akiisha kuelewa pengo lake, hulifidia kwa kugeuza macho na kichwa, na ukimpa karatasi atafute herufi fulani, hutafuta kwa mpangilio. Wa pili huanzia kulia, huruka huku na huku, hutangaza kwamba amemaliza ilhali kushoto kote hakujaguswa, na huenda akapuuza hata mguso na sauti za upande huo. Maelekezo ya mdomo peke yake humsaidia kidogo, kwa kuwa hajui kwamba kuna kinachokosekana. Huyo anahitaji kukumbushwa mara nyingi ndani ya shughuli zenyewe: kuvaa, kunawa, kupanga vitu mezani.

Kwa waliopoteza uwanja, sehemu kubwa ya nafuu inayokuja yenyewe hutokea katika miezi 3 ya mwanzo, na baada ya miezi 6 si jambo la kutarajiwa sana. Kwa hiyo sisubiri. Nafundisha kupeleka macho mbali upande wa pengo kwa mruko mmoja mkubwa badala ya hatua ndogondogo, kwanza mgonjwa akiwa ameketi, kisha amesimama, kisha akitembea kwenye korido yenye watu. Anayefanya vizuri akiwa ameketi hushindwa akianza kutembea, na kuruka hatua hiyo ndiko kunakoleta maanguko. Kitandani, tunawaomba jamaa wakae upande wa pengo ili macho yavutwe huko, lakini kengele ya kumwita muuguzi hubaki upande anaouona.

Kuona vitu viwili viwili ni habari nyingine. Mwombe afunike jicho moja, kisha jingine. Picha ya pili ikitoweka kila anapofunika lolote kati ya hayo mawili, macho hayaelekei mahali pamoja. Ikibaki wakati jicho moja tu liko wazi, chanzo kwa kawaida kimo ndani ya jicho hilo, na ni kazi ya daktari wa macho. Uliza pia picha zimekaaje. Zikiwa ubavu kwa ubavu na kuachana zaidi kwa mbali, fikiria neva ya sita ya ubongo, inayogeuza jicho kuelekea nje. Zikiwa juu na chini, zikisumbua zaidi kwenye ngazi, na mgonjwa akiinamisha kichwa begani, fikiria neva ya nne, inayosaidia jicho kutazama chini, na usiharakishe kuinyoosha shingo hiyo, maana ndiyo inayomsaidia kuona kitu kimoja. Kufunika jicho zima humpa nafuu lakini humnyang'anya makadirio ya umbali na sehemu ya uwanja wake. Utepe usio angavu uliobandikwa kwenye sehemu ndogo ya lenzi mara nyingi hutosha, kwa kukubaliana na mtaalamu wa macho, ambaye pia ndiye anayeamua kuhusu lenzi za prizimu, zinazopinda mwanga ili picha mbili zikutane.

Hali moja haingojei ratiba ya mazoezi: kuona viwili kulikoanza ghafla, pamoja na kichwa kuuma vibaya, kope kulegea au mboni kupanuka. Hapo kipindi kinasimama na daktari anaitwa saa hiyo hiyo.

Mzee wangu wa gazeti alipimwa na daktari wa macho, ikathibitika kwamba nusu ya kushoto ya uwanja wake imepotea katika macho yote mawili. Faili lake bado lina ule mwandiko wangu kuhusu umakini. Sikuufuta, niliandika sahihisho chini yake, nikatia tarehe na sahihi.