Maswali na Majibu: Jina la Nani Likae Juu ya Makala?

Barua za safari hii zimetoka zaidi Tanga na wilaya zake. Si ajabu. Mkoa huu umekuwa ukifanyiwa utafiti tangu Wajerumani walipofungua kituo cha Amani mwaka 1902, na leo wapo watu wa malaria Muheza na Korogwe, watu wa mkonge Mlingano, watu wa mwani na wa samaki pwani nzima. Wanaokusanya takwimu ni wengi kuliko wanaochapisha, na hapo ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Maswali nimeyafupisha.

Mwalimu, nilituma makala kwenye jarida mwezi uliopita, kimya mpaka leo. Naweza kuituma kwenye jarida la pili nione nani atajibu kwanza? (Makorora)

Hapana. Swali hili haliachi kuja, na jibu halijabadilika: makala moja, jarida moja kwa wakati mmoja. Ukichoka kusubiri, mwandikie mhariri. Ukitaka kuondoka, omba kwa maandishi kuiondoa makala, subiri wakubali, ndipo uipeleke kwingine. Na mwezi mmoja si kuchelewa. Mhariri anatafuta wahakiki wawili au watatu wenye kazi zao, ambao kwa kawaida hawalipwi hata senti kwa kukusomea.

Shikamoo Mwalimu. Nimepata barua pepe ya jarida la kimataifa. Wameniita Profesa ingawa mimi ni mhadhiri msaidizi. Wanasema makala itahakikiwa na kutoka ndani ya siku nne, ada dola 150. Nahitaji makala mbili ili nipande cheo. Nilipe? (Tanga mjini)

Marahaba. Usilipe.

Hakuna mtu anayetafuta wahakiki, akawasubiri wasome, akakurudishia urekebishe, akasoma tena, yote kwa siku nne. Wanachouza hao ni risiti. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaijaza makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, akaituma kwenye majarida 304 ya wazi, yaani yanayosomwa bure mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti kuhusu uhakiki wake na kuwaficha ada. Kwa hiyo mtu akikwambia "hili nalo ni jarida kama majarida mengine", mjibu kwamba mahakama imeshalitazama jambo hili.

Lakini usije ukadhani kila jarida linalotoza ada ni la kitapeli. Yapo mazuri yanayotoza, na mengi yana msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi kama yetu. Uliza kabla ya kutuma, kwa sababu baadhi hawapokei ombi la msamaha makala ikishakubaliwa.

Kagua hivi. Litafute jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi iliyoanza mwaka 2003, na kama ni la Afrika angalia pia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika iliyopo tangu 1998. Soma makala tatu zilizokwisha kutoka humo. Kama zina makosa ambayo mwanafunzi wako angeyaona, ondoka. Mchague mjumbe mmoja wa bodi ya wahariri, itafute anwani yake chuoni kwake, umwulize kama anajua jina lake limewekwa pale. Namba ya ISSN haithibitishi kitu, maana hupewa chapisho lolote linalotoka kwa mfululizo.

Ukishachapisha huko, makala imekwenda. Huwezi kuipeleka jarida la heshima baadaye kana kwamba ni mpya. Na ukitaka kuiondoa kabla haijatoka, baadhi yao hukudai ada ya kuiondoa.

Hukuniuliza, lakini nitasema: kamati za kupandisha vyeo zinazohesabu makala bila kuzifungua ndizo zinazolisha biashara hii. Mjumbe anayepokea bahasha ya makala nane na kuangalia idadi tu anamwadhibu yule aliyefanya kazi moja ya kweli kwa miaka mitatu.

Nimekusanya takwimu za mwani zaidi ya mwaka mzima. Nimepima kamba, nimepima joto la maji, nimejaza fomu. Mimi ndiye niliyemwambia mtafiti kwamba mwani unaoza kwenye maji ya kina kifupi wakati wa kaskazi, naye akabadili mpango wa utafiti. Makala imetoka. Sisi tumeshukuriwa kwa jumla kama "wasaidizi wa uwandani", bila hata majina. Lakini jina la mkurugenzi, ambaye hajawahi kukanyaga pale pwani, lipo. Ni haki? (Mkinga)

Si haki, mwanangu, na nimeisoma barua yako kwa uchungu.

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, ambayo mwanzo wake ni mkutano wa wahariri kule Vancouver mwaka 1978, ina masharti manne ya kuitwa mwandishi. Majarida mengi yasiyo ya tiba nayo yanayatumia. Uwe umechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, au katika kupata takwimu, kuzichambua au kuzifasiri. Uwe umeandika rasimu au umeirekebisha kwa fikra. Uwe umeikubali nakala ya mwisho. Na uwe tayari kuwajibika kwa kazi yote ikitiliwa shaka. Yote manne kwa pamoja.

Wakubwa huishia hapo. "Yeye hakuandika, kwa hiyo si mwandishi." Hawataji kinachofuata kwenye mwongozo ule ule: kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika, kurekebisha na kuikubali makala. Masharti hayakuwekwa ili mtu afungiwe mlango kisha alaumiwe kwa kutoingia.

Sasa tuangalie kesi yako bila kupendelea. Kujaza fomu pekee, hata kwa mwaka mzima, kwa kawaida hakumfanyi mtu kuwa mwandishi; kunampa haki ya kushukuriwa, tena kwa jina lake kamili. Lakini wewe uliona jambo ambalo mtafiti hakuliona, ukalisema, na utafiti ukageuka. Huo ni mchango wa fikra. Ulistahili kuitwa mezani, uoneshwe rasimu kwa Kiswahili ikibidi, uulizwe kama ndivyo mambo yalivyokuwa majini. Mkurugenzi naye, kama alichotoa ni ofisi na sahihi ya kuidhinisha fedha, nafasi yake ni kwenye shukurani. Kupata fedha au kuwa bosi hakumo katika yale manne.

Ufanye nini? Mwandikie mtafiti mkuu barua yenye tarehe, kwa adabu, ukiambatanisha fomu na ujumbe wa simu unaoonesha kwamba hoja ilikuwa yako. Omba makala irekebishwe. Akikataa au akinyamaza, mwandikie mhariri wa jarida. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, iliyoundwa mwaka 1997, ina mwongozo kwa wahariri wa nini cha kufanya mwandishi anapolalamika kuachwa. Fahamu tu kwamba mhariri hatahukumu nani alifanya nini. Atawauliza waandishi, na wasipokubaliana atalirudisha suala kwa taasisi yao. Huko linaweza kukaa muda mrefu, na wewe unaishi kwa mikataba mifupi. Sikufichi hatari hiyo. Uamuzi ni wako, na ukiamua kuacha sitakulaumu.

Kwa wengine mlio kazini sasa hivi, Pangani, Muheza, Bagamoyo, popote: kabla hamjaingia majini au nyumbani kwa mtu, ombeni karatasi moja inayosema nani atakuwa mwandishi, kwa mchango gani, na mpangilio wa majina utaamuliwaje. Mtafiti anayekasirika kwa kuulizwa hivyo amekwisha kuwajibu.

Na nyinyi wakurugenzi mnaokubali majina yenu yawekwe kwenye makala kwa heshima tu: siku takwimu zikibainika kuwa za kubuni, mtaulizwa pamoja na wenzenu, na "mimi sikuisoma" haitawasaidia. Wageni nao wasikie. Makala kuhusu bahari ya Tanga isiyo na mwandishi hata mmoja wa Tanga, wakati vipimo vyote vimechukuliwa na watu wa Tanga, inanuka hata kama Kiingereza chake hakina doa.

Msimamizi wangu anasema tasnifu yangu ikigeuzwa makala, jina lake lazima litangulie. (Mwanafunzi wa uzamili, Muheza)

Hakuna "lazima" ya namna hiyo. Kazi iliyotokana na tasnifu yako, uliyoibuni, kuifanya na kuiandika wewe, wewe ndiye wa kwanza. Msimamizi aliyekuongoza na kuisahihisha kwa dhati anastahili kuwemo, mara nyingi mwishoni, na usimwache kwa hasira. Kuchapisha kimyakimya bila yeye ni kosa vilevile. Soma kanuni za chuo chako kisha mwendee kwa heshima ukiwa nazo mkononi.

Programu ya kukagua wizi wa maandishi imenipa asilimia 14. Chuo kinataka chini ya 20. Nimesalimika? (Ngamiani)

Nimechoka na asilimia. Programu inahesabu maneno yanayofanana, haijui nani ameiba. Ndani ya 14 yako inaweza kuwemo aya nzima ya mtu mwingine bila kutajwa. Hiyo imeharibu kila kitu. Mwenzako ana 25 kwa sababu ya orodha ya marejeo na maelezo ya kawaida ya mbinu, naye ni msafi. Kubadili "aliongeza" kuwa "alizidisha" bila kumtaja mwenye hoja bado ni wizi. Kuchukua makala ya Kiingereza, ukaigeuza Kiswahili na kuweka jina lako, ni wizi ambao programu inaweza isiuone kabisa.

Je, akili mnemba inaruhusiwa kuniandikia? (Raskazone)

Soma masharti ya jarida lako, kwa sababu yanatofautiana. Lakini COPE na ICMJE zilishasema mwaka 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, maana haiwezi kuwajibika, na kwamba ukiitumia lazima useme umeitumia wapi. Kunyoosha lugha na kukuandikia matokeo si jambo moja. Fungua kila rejeo iliyokupa, moja baada ya nyingine. Programu hizi hutunga vitabu na makala ambazo hazipo, zikiwa na mwaka na kurasa, na mhariri akiikuta moja hana sababu ya kuamini zilizobaki.

Nilihoji wagonjwa kliniki bila kibali cha maadili. Sasa jarida linadai namba ya kibali. Nikiomba leo watanipa? (Korogwe)

Kwa kazi iliyokwisha kufanyika, usitegemee. Kamati hupitia mpango kabla mtu hajaulizwa swali la kwanza. Ndiyo maana ya kumlinda mgonjwa. Usithubutu kubuni namba au kuazima ya mradi wa mwenzako: mhariri anaweza kuiandikia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kuuliza. Nenda kwenye kamati yako, sema ukweli, na ujiandae kusikia kwamba makala hiyo haitatoka.

Korogwe yenu na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Wazazi waliombwa idhini kabla watoto wao hawajaguswa. Watu wa huko wanajua maana ya kuombwa ruhusa, na mgonjwa wako alistahili heshima hiyo hiyo.

Ambao hamjaanza: utafiti wa afya unahitaji kibali cha kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR au cha kamati ya taasisi yenu inayotambulika, na mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Someni cheti chenu hadi mstari wa mwisho. Kama kinataka mwombe ruhusa ya kuchapisha, iombeni kabla hamjatuma makala, si baada ya kukubaliwa.

Nimegundua kosa kwenye jedwali la makala yangu iliyotoka mwaka jana. Hakuna aliyeliona. (Chumbageni)

Mwandikie mhariri wiki hii. Kosa la kweli lisilogeuza hitimisho hutolewa sahihisho, na hakuna aibu ndani yake. Likigeuza hitimisho, omba makala ifutwe. Makala ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilitoka mwaka 1998 na haikufutwa kabisa mpaka 2010. Miaka hiyo 12 wazazi waliendelea kuwanyima watoto chanjo. Jedwali lako huenda si zito kiasi hicho, lakini yupo atakayelitumia.

Tunataka kuwashukuru wavuvi wa jarife wa Kigombe waliotuonesha walikomnasa silikanti, yule samaki wa kale wa maji ya kina, na kuweka picha yao. Inatosha kuwaambia kwa mdomo? (Pangani)

Haitoshi. Wasomeeni sentensi yenyewe kwa Kiswahili, waonesheni picha, muwaeleze kwamba itabaki mtandaoni, kisha wasaini au waweke dole gumba. Waambieni wazi pia kwamba sehemu hiyo ya pwani ni hifadhi ya bahari tangu 2009, na kwamba jina la mvuvi likiwa kando ya jina la mahali alipotega nyavu linaweza kumletea maswali. Akisema jina lisiwekwe, liondoeni. Akikubali, liandikeni lote kama anavyoitwa kijijini, na makala ikitoka mpelekeeni nakala.