Usilipie makala, sajilini shirika lenu

Dada wa Chamwino, pole na kazi. Umeuliza utapata wapi makala za utafiti wa udumavu wa watoto, maana kila ukifungua moja unadaiwa dola 30 na zaidi, na shirika lenu ni dogo. Tafadhali, usilipe kwanza.

Mwombe mkurugenzi asajili shirika kwenye Research4Life, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya utafiti mtandaoni bure au kwa bei nafuu. Mpango huo ulianza mwaka 2002 na majarida ya afya, chini ya Shirika la Afya Duniani, na Tanzania imo kwenye kundi la nchi zisizolipa chochote. Husajiliwa taasisi, si mtu mmoja mmoja, na mashirika yasiyo ya kiserikali ya hapa nchini yanaruhusiwa.

Wakati mnasubiri, nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dodoma na barua ya utambulisho, uulize utaratibu wa wasomaji wa nje. Mtafute mkutubi, umweleze shida yako yote, si kichwa cha makala tu. Mwulizie pia tasnifu za wanafunzi waliofanya utafiti vijiji vya huku kwetu; mimi nazithamini kuliko majarida mengi ya mbali.

Ikishindikana, mwandikie mtafiti mwenyewe. Barua pepe yake huwa ukurasa wa kwanza, na wengi hutuma nakala kwa moyo mweupe.