Siku 240 kwenye programu, lakini Kijerumani hakitoki mdomoni

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, niko Mbeya. Nimejifunza Kijerumani kwa programu ya simu miezi minane sasa, siku 240 bila kuruka hata moja. Pointi ninazo nyingi na mazoezi napata karibu yote. Juzi rafiki yangu aliyeko Ujerumani alinipa niongee kwa video na mama mmoja anayefanya naye kazi. Aliniuliza nafanya kazi wapi, nikabaki namtazama tu. Baada ya miezi mitatu nataka kufanya mtihani wa A1, ile ngazi ya kwanza ya Kijerumani. Je, nilipie hii programu ili nifunguliwe kila kitu, au nihamie nyingine?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usilipie, na wala usiifute. Kwa kawaida ukilipia unaondolewa matangazo na unaruhusiwa kukosea bila kusimamishwa. Shida yako haiko hapo.

Angalia kile unachokifanya kila siku. Programu inakuletea maneno kwenye vijisanduku, wewe unayapanga. Ukiona *Krankenhaus* unajua ni hospitali. Huko ni kutambua. Mama yule alipokuuliza *Wo arbeiten Sie?* hapakuwa na vijisanduku. Ulitakiwa ulichote neno mwenyewe, ukumbuke kwamba ni *das Krankenhaus*, ujue kwamba hapo *das* inageuka *dem*, na *in* na *dem* zinaungana kuwa *im*, kisha useme *Ich arbeite im Krankenhaus* kabla hajauliza tena. Kazi hiyo hukuwahi kuifanya katika siku zote 240. Nimewafundisha wauguzi wengi waliokuja na hali kama yako, na karibu wote walidhani hawana akili ya lugha. Si kweli. Hawakuwa wamezoezwa kusema, basi.

Kwa hiyo programu yako iachie dakika kumi za asubuhi, na muda uliobaki uhamishie kwenye kadi. Pakua AnkiDroid, programu ya kutengeneza kadi za maneno: kwa simu za Android ni ya bure, na ukishatengeneza kadi zako haihitaji bando. Inafanya kazi kwa kanuni ya zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha jinsi tunavyosahau haraka mwanzoni na jinsi kurudia kwa kuachanisha siku kunavyosaidia. Kadi uliyoikosa inarudi muda huohuo. Uliyoipata inarudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Yenyewe inakuja ikiwa imepangwa kutoa kadi mpya 20 kwa siku. Wewe una zamu za usiku, punguza ziwe 10. Orodha ya maneno ya A1 ya Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani yenye mtihani huo, ina maneno kama 650, hivyo utayamaliza kwa siku 65 na utabakiwa na zaidi ya wiki tatu za kurudia.

Mbele ya kadi andika Kiswahili, nyuma Kijerumani. Usigeuze. Kiswahili kikiwa mbele, Kijerumani lazima kitoke kwako. Na usiandike neno tupu. Andika *die Spritze, die Spritzen* (sindano, moja na nyingi), chini yake sentensi moja fupi ya kazini kwako. Kwenye kibodi ya simu ongeza Kijerumani ili upate ä, ö, ü na ß, maana *schon* (tayari) na *schön* (zuri) ni maneno mawili tofauti.

Hapo kwenye *der, die, das* nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo programu nyingi zinapotuangusha sisi. Nyingi zinafundisha kupitia Kiingereza, na Kiingereza hakina jambo hili, kwa hiyo linaelezwa kana kwamba ni balaa. Wewe umekua nalo. Husemi "kitabu yule mkubwa". Unasema "kitabu kile kikubwa" bila kufikiri, kwa sababu kila nomino unajua ngeli yake na maneno mengine yanaifuata. Kijerumani kina makundi matatu tu. Tofauti ni kwamba sisi mara nyingi tunaiona ngeli kwenye kiambishi cha neno lenyewe, wao wanaionyesha zaidi kwenye kineno cha mbele. Ukijifunza *Tisch* (meza) bila *der*, umejifunza nusu ya neno.

Wanafunzi huniuliza pia kwa nini msichana ni *das Mädchen* na si *die*. Ni kile kiishio *-chen* cha kudogosha; kila neno linaloishia nacho linaingia kundi la *das*. Nasi tunafanya hivyohivyo: mtoto huyu, lakini kitoto hiki. Umbo la neno limeshinda maana. Maneno yenye *-ung*, *-heit* na *-keit* ni *die*, na hayo yamejaa hospitalini: *die Impfung* chanjo, *die Krankheit* ugonjwa.

Sasa mdomo. Kila jioni jirekodi dakika mbili, hata kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaojitumia mwenyewe. Jitambulishe: jina, umri, nchi, unapoishi, lugha, kazi, unachopenda. Hayo saba si ya kubuni, ndiyo sehemu ya kwanza ya kuzungumza kwenye mtihani wa A1, na baada yake utaombwa utaje jina kwa herufi moja moja na namba, kwa mfano ya simu. Sehemu ya pili unauliza na kujibu kwa kadi zenye neno, ya tatu unaomba kitu. Namba zisikilize sana: sisi tunasema ishirini na moja, wao wanaanza na moja, *einundzwanzig*. Muuguzi akigeuza 52 kuwa 25, unajua mwenyewe madhara yake.

Kwa matamshi, *ü* ipate hivi: kunja midomo kama unasema "u", kisha sema "i" bila kuisogeza. Sauti ya *acht* inakaribia ile "kh" ya watu wa pwani wanaposema Alkhamisi.

Kama unataka masomo ya bure yanayoendelea hadi B1 (ngazi ya tatu, baada ya A1 na A2), DW, shirika la utangazaji la Ujerumani, wana kozi ya video yenye hadithi moja tangu A1, na vhs-Lernportal, tovuti ya vyuo vya watu wazima vya Ujerumani, wanayo masomo hadi B2, ngazi ya nne. Yaangalie hayo kabla hujatoa hela yoyote. (Hela yenyewe tumeirithi kwa Wajerumani, ni *Heller*, kama shule ilivyotoka *Schule*. Hizo kadi mbili unazo tayari.) Ujue tu kwamba A1 ni mlango wa kwanza. Ili cheti chako cha uuguzi kitambuliwe kule, kwa kawaida utadaiwa B2, na kufika B2 kwa simu peke yake sijaona aliyefika; baada ya A1 tafuta darasa au mwalimu.

Yule mama mpigie tena baada ya wiki mbili. Mwambie rafiki yako amwombe akuulize swali lilelile, *Wo arbeiten Sie?*, na ukishajibu, muulize na wewe: *Und Sie?*