Dawa yako imezuia mayai kuanguliwa? Subiri kwanza

Wadogo zangu mnaofanya risachi ya mitishamba ya minyoo ya mbuzi, nisikilizeni mie niliyeshangilia mapema. Nilikuwa nadamkia machinjioni na thermos ya maji ya uvuguvugu, jamaa ananipasulia tumbo la nne la mbuzi unakuta Haemonchus, minyoo wanyonya damu, wamejaa humo, majike yana msokoto wa nyekundu na nyeupe kama uzi. Nayaponda yale majike kupata mayai, naweka kwenye kisahani na dawa yangu ya majani, masaa 48 baadaye nachungulia darubini, mayai karibu yote hayajaanguliwa. Nikampigia mama kabisa.

Msimamizi akauliza kitu kimoja tu, kishimo cha kisahani chenye DMSO tupu kiko wapi? Sikuwa nacho. DMSO ndo tunayeyushia dawa isiyokubali maji, na mi nilikuwa naimwaga kwa macho tu. Kurudia na DMSO peke yake, mayai nayo yakagoma kuanguliwa. Yani miezi miwili nilikuwa napima kiyeyushi.

So kila siku weka maji matupu, weka kiyeyushi kwa kiwango kilekile kilichopo kwenye dawa yako, na weka thiabendazole, dawa ya minyoo inayojulikana kuzuia mayai kuanguliwa. Mayai yakigoma hata kwenye maji, tupa matokeo ya siku hiyo yote, usijaribu kuyaokoa kwa hesabu. Na kama mayai unayatoa kwenye kinyesi yawe freshi, usipitishe masaa matatu, maana kiluwiluwi kikishaanza kujiumba ndani thiabendazole inapungua makali kwake afu utadhani umekutana na minyoo sugu.

Ila kisahani sio mbuzi, hii watu hawapendi kuisikia. Dawa ya kunywesha inapita kwanza tumbo kubwa lenye bakteria kibao wanaoweza kuivunjavunja. Hata ivermectin, dawa ya minyoo iliyotokana na bakteria aliyemtoa Satoshi Ōmura kwenye udongo wa Japani, kule kampuni ya dawa ya Merck akina William Campbell walipima kwa panya hai wenye minyoo, na hao wawili wakapewa Nobel 2015.

Ukifika kwa mbuzi hesabu mayai kwenye kinyesi siku ya dawa na siku ya 14, na uwe na kundi lisilopewa kitu. Mwenye mbuzi atanuna kwanini wa kwake wamerukwa, mi huwa namuahidi albendazole, dawa ya minyoo ya dukani, siku ya mwisho, na naenda nayo mfukoni aione.